Pweza wa Goti la Kulia

Kila maji yalipoanza kutoka, Bi Somoe aliyasikia kwanza kwenye goti. Hakuwa na haja ya kutazama pwani. Alikuwa akikaa mkekani uani, mgongo ukutani, mguu wa kulia ameunyoosha mbele yake kama mzigo wa mtu mwingine alioombwa ausimamie, na mle ndani ya goti kitu kikajivuta taratibu, kikajikunja, kikatulia. Mchana, jua likiwa kali na kuku wamejilaza kivulini, usingizi ulimchukua vivyo hivyo akiwa amekaa, na ndoto yake ilikuwa ileile. Pweza amehamia gotini mwake. Amepanga makombe mlangoni kama pweza wafanyavyo, na mikono yake ameizungushia mifupa. Akivuta, goti linauma. Akiachia, goti nalo linaachia.

"Toka," Bi Somoe humwambia huko ndotoni. "Nakujua mimi. Nimewatoa wenzako tangu sijavunja ungo."

Na pweza humjibu kwa adabu, "Mwamba umefungwa, bibi. Ngoja ufunguliwe."

Hapo huamka, mate yamekauka mdomoni.

Kweli mwamba ulikuwa umefungwa. Pale Songo Mnara wanakijiji walikuwa wamekubaliana kuuacha upumzike ili pweza wakue, asiingie mtu mpaka siku ya kufungua, ambayo huwekwa wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali kabisa na bahari kuacha mgongo wake wazi. Siku hiyo ina desturi yake. Kila mwanamke ana mashimo yake huko mwambani, aliyoachiwa na mama au shangazi. Husimama juu ya shimo lake, akaingiza mchokoo, ile fimbo ya kuwachokolea pweza, na wenzake wakaona kwamba shimo lina mwenyewe. Baada ya hapo haligusi mtu mpaka mwamba ufungwe tena. Lakini asiyefika, mashimo yake ni ya atakayetangulia. Hakuna ugomvi wala kikao. Hukufika, hukufika.

Bi Somoe aliachiwa mashimo yake na mama yake, na moja, la mbali kuliko yote, ng'ambo ya mkondo, hakuwa amemwonyesha mtu, ingawa wote walijua lipo huko. Binti hakujaliwa. Alikuwa na mwana mmoja, Yassini, na mke wa Yassini, Hamida, mtoto wa wakulima wa Kilangala, aliyekulia kwenye ufuta na mihogo. Hamida alikuwa mwepesi wa kazi zote za nchi kavu, lakini akiingia majini kupita vifundo vya miguu alishika gauni kwa mikono miwili, kana kwamba bahari ilikuwa na nia ya kumvua.

"Mwakani nitamwonyesha," Bi Somoe alikuwa akijiambia. Mwakani ikafika, akasema tena mwakani. Shimo huwezi kulieleza kwa mdomo. Mwambani hakuna mti wala njia, na kila jiwe linafanana na mwenzake. Shimo unalijua kwa miguu. Na sasa miguu ndiyo iliyokuwa ikimgeuka.

Goti lilimwumbua hadharani, kisimani. Alikuwa ameshajitwisha ndoo, akageuka kuondoka, goti likaenda upande wake na ndoo ikaenda upande wake. Alipofumbua macho alikuwa amepiga magoti kwenye tope, na mbele yake amesimama Bi Zamda, dada wa marehemu mumewe, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwahi kulala mchana.

"Wifi! Mbona unasujudu na adhana bado?"

"Natafuta meno yako, wifi. Niliyaona yanadondoka."

Kisima kizima kikacheka. Bi Zamda alicheka pia, akamshika makwapani akamwinua. Walipokuwa wamekaribiana hivyo, uso kwa uso, alimuuliza kwa sauti ya chini, bila kicheko:

"Somoe, mwambani utafika kweli?"

"Kwa nini nisifike?"

"Nauliza tu." Kisha akapaza sauti kwa faida ya wote. "Usijali, wifi. Yale mashimo yako tutakutunzia!"

Usiku ule na mchana uliofuata neno hilo lilimkaa Bi Somoe moyoni kama mchanga kwenye wali. Yeye aliyekataa hospitali tangu masika, akamwambia mwanawe mwenyewe, "Haya, nipelekeni."

Yassini aliwavusha kwa boti mpaka Kilwa Masoko, na kutoka hapo Hamida akapanda basi na mama mkwe wake mpaka Lindi, ambako mtaalamu wa viungo alikuwa akiona wagonjwa. Njia nzima Bi Somoe alisinzia. Kila basi liliporuka shimo alimsikia pweza akishtuka na kujibana.

Mtaalamu aliitwa Modesti, kijana wa Kimakonde, mwili mkubwa na mikono mipole. Aliiweka picha ya goti, waliyokuwa wameipiga kwa eksirei, dirishani ili mwanga upite. Bi Somoe aliitazama muda mrefu. Ilikuwa nyeupe na yenye moshi, kama mwamba unavyoonekana ukiwa chini ya maji asubuhi ya ukungu, unajua upo lakini huoni kingo zake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mtoe tu. Nimemvumilia vya kutosha."

"Nimtoe nani?"

Hamida alijiziba mdomo kwa ncha ya khanga. "Pweza," alimjibia mama mkwe. "Mama huota kuna pweza gotini."

Modesti hakucheka. Alivuta kiti akakaa. "Anafanyaje huyo pweza?"

"Anavuta," alisema Bi Somoe. "Halafu anaachia."

"Basi nimemwelewa." Alisimama tena, akaweka kidole kwenye picha. "Kuvuta ni hapa. Kati ya mfupa na mfupa kuna gegedu, kama lile la kuku unalolitafuna. La kwako limelika, mifupa inasagana. Na kuachia kunatoka kwenye kano. Kano ni kamba za goti. Zimefunga mfupa wa juu na wa chini, ndani na pembeni, ili goti likunjike lisiende ovyo. Goti likilika miaka mingi, kamba nazo huchakaa. Zinalegea, nyuzi zinachambuka. Ukikanyaga pabaya, goti halina wa kulishika."

"Zitafumwa upya?"

"Sikudanganyi, bibi. Hazirudi kuwa mpya."

Alimwambia anyanyuke kitini bila kushika kitu. Akanyanyuka, kwa kujitupa. Akamwambia apande ngazi za nje ya mlango. Akapanda, mguu mmoja ukimsubiri mwenzake kama mwenye deni. Akamwambia achuchumae. Bi Somoe alishuka nusu, akabaki hapo katikati akitetemeka, mpaka Hamida akamshika.

"Sasa niambie," alisema Modesti walipokaa. "Unataka goti likufanyie kazi gani?"

Swali hilo lilimshangaza. Watu wote waliomuuliza habari za goti waliuliza linauma wapi. Alimtazama Hamida, akatazama sakafu.

"Linifikishe mwambani siku ya kufungua," alisema. "Likinifikisha, hata likinikataa baadaye, tutakuwa tumeachana kwa heri."

Modesti alifikiri. Kisha akasema kamba zimelegea ndiyo, lakini nyama za paja zinaweza kufundishwa kushika pale kamba ziliposhindwa. Akamwonyesha: kukaa kitini na kunyoosha mguu, kuuzuia hewani, kuushusha polepole, kunyanyuka na kukaa bila kujitupa. Kila siku, bila kuruka. "Na fimbo," alimalizia. "Goti bovu ni la kulia, basi fimbo ikae mkono wa kushoto."

"Kushoto?"

"Kushoto. Ukiishika upande wa goti bovu unajilaza juu ya goti hilohilo. Ukiishika upande wa pili, fimbo na goti vinakanyaga pamoja, na uzito vinagawana."

Bi Somoe akaitikia vizuri, akashukuru vizuri, na moyoni akawa ameshakataa.

Siku zilizofuata zilipita polepole na kwa ulaini, kama mawingu ya asubuhi yasiyo na mvua. Hamida alijaza mchanga kwenye soksi kuukuu ya Yassini, akaifunga kwenye kifundo cha mguu wa mama mkwe, akakaa mbele yake na ungo wake wa mchele. Akipepeta, Bi Somoe hupandisha mguu. Akitulia kuchagua mawe, mguu hutulia hewani. Akitupa mawe, mguu unashuka. Wakati mwingine Bi Somoe aliona kwamba si yeye anayeinua mguu, ni ungo unaouinua, na mchele ukiruka juu alijiona mwepesi, kama anaelea kwenye maji ya kina kifupi, jua usoni. Paja lililokuwa limelala likaanza kuamka. Alinyanyuka kitini bila kujitupa. Alitoka kwenda kisimani na kurudi. Huko ndotoni pweza alikuwa bado yupo, lakini alikuwa akimpisha.

Walichogombania ni mkono.

"Mama, daktari alisema kushoto."

"Hamida mwanangu, huko kwenu Kilangala mgeni mnamkaribisha kwa mkono wa kushoto?"

"Fimbo si mgeni, mama."

"Mchokoo ni salamu. Unamgongea mwenye nyumba mlangoni, unasema Bismillahi. Sasa nimgongee kwa mkono wa chooni? Atatoka huyo?"

"Basi shika fimbo kushoto na mchokoo kulia."

"Mwenye vijiti viwili mwambani ni kaa." Bi Somoe aligeuza uso. "Na Zamda akiniona na mkongojo, atanisomea hitima nikiwa hai."

Akamtuma Yassini amkatie mchokoo mnene wa mti wa mkoko, unaoweza kuegemewa, na akaushika kulia. Hamida alitazama chini akaendelea kuchagua mawe.

Siku ya kufungua, bahari ilikuwa imeondoka. Hakuna namna nyingine ya kueleza. Ulitoka nyumbani ukakuta mahali pake pametandazwa nchi nyingine, ya kahawia na kijani, inayometameta, yenye vidimbwi vilivyobeba vipande vya mbingu. Ukungu mwembamba ulikuwa haujainuka. Wanawake walishuka na magauni wameyafunga kiunoni juu ya suruali, viatu vya plastiki miguuni, na kwa mbali walionekana kama hawakanyagi chini. Hamida alikuja nyuma na kikapu. "Mimi nabeba tu," alikuwa amesema.

Shimo la kwanza lilikuwa karibu, na goti lilifika. Bi Somoe akasimama juu yake akaingiza mchokoo, na Bi Zamda aliyekuwa akipita akaona, akainamisha kichwa kidogo, akaenda zake. La pili nalo akalifikia. Paja lilishika. Alianza kusikia furaha ya zamani ikimpanda kutoka nyayoni, harufu ya mwani, maji ya uvuguvugu yakiingia kwenye viatu. Akaongeza mwendo.

Ndipo alipokanyaga jiwe lenye utelezi. Akajilaza kwenye mchokoo, na mchokoo ulikuwa kulia, na goti lilikuwa kulia, na uzito wake wote ukamwagika upande mmoja. Pweza akaachia.

Hakuanguka. Hamida alikuwa upande wa kushoto na alimdaka, kikapu kikaruka. Lakini maumivu yalipanda mpaka kwenye meno. Akakalishwa juu ya jiwe, macho amefumba. Alipoyafumbua aliwaona wanawake wamesimama huku na huku, wanatazama, halafu mmoja mmoja wakageuza nyuso kwa heshima na kuendelea. Bi Zamda peke yake hakugeuka. Alimtazama kitambo, akaweka mchokoo begani, akaanza kutembea kuelekea mkondo.

"Turudi, mama," alisema Hamida. Machozi yalikuwa yakimlenga.

Bi Somoe aliomba ainuliwe. Akaweka mkono wa kushoto kwenye bega la Hamida, akajaribu hatua moja. Akangoja maumivu. Akajaribu nyingine. Bega na goti vilikanyaga pamoja. Mle ndani ya goti palikuwa na uchungu wa kidonda, lakini hakuna aliyevuta na hakuna aliyeachia. Aliutazama mkono wake wa kushoto ulivyotulia juu ya khanga ya Hamida, mkono alioudharau maisha yake yote, na kitu kikamcheka ndani.

"Kumbe yule Mmakonde hakunidanganya," alisema.

Kisha akanyoosha mkono wa kulia, wenye mchokoo. "Shika."

"Mama, mimi siwezi haya mambo."

"Shika kulia. Sema Bismillahi."

Wakaenda hivyo, watu wawili kwa mwendo mmoja, polepole, na Bi Somoe hakuangalia chini; alimwachia Hamida kuangalia, yeye akasikiliza kwa nyayo. "Kata kushoto. Hapa pana ukali, pisha. Simama." Kuchuchumaa hakuweza, kwa hiyo kila shimo ni Hamida aliyeshuka, akagonga, akachokoa. Kwenye shimo la bondeni mkono wa pweza ukatoka, ukamzunguka kifundo cha mkono, na Hamida akapiga kelele zilizofika kijijini.

"Usimkatae!" Bi Somoe alicheka mpaka akashika ubavu. "Ndiye anakusalimia!"

"Mama, ananinyonya!"

"Na wewe mvute! Umeshindwa na mtu asiye na mfupa?"

Hamida akavuta, uso umekunjamana, akilia na kucheka. Alipomtia kikapuni, aliutazama mkono wake wenye alama nyekundu za duaraduara kama wa mtu mwingine.

Hatimaye wakafika mkondoni. Maji yalikuwa yanapita kwenye mfereji wa mwamba, ya kijani, ya kufika mapajani, na yalikuwa na nguvu. Bi Zamda alikuwa amesimama ukingoni akiwasubiri. Hakuvuka. Kwa kuwa mwenye shimo alikuwa amefika mpaka pale, alitakiwa kuuliza kwanza, na aliuliza.

"Wifi, unavuka au huvuki?"

Bi Somoe aliyatazama maji. Paja hufundishwa, lakini mkondo si ngazi za hospitali. Alijua, kama mtu anavyojua kwamba ameshaamka.

"Anavuka," alisema.

"Nani?"

"Mwenye shimo."

Hamida aligeuka. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Mama, sipajui. Hukunionyesha."

"Sikukuonyesha, na kosa ni langu. Sikiliza. Usilitafute kwa macho. Kuna jiwe bapa, lina mabonde mawili madogo, yamejaa mchanga laini. Magoti ya mama yangu yalikaa humo. Na yangu yalikaa. Ukipiga magoti mahali pengine, mwamba utakukata. Pale hautakukata. Shimo liko mbele yako, mkono wa kulia."

Hamida aliingia majini. Mkono mmoja mchokoo, mkono mmoja gauni. Maji yakafika magotini, yakapita. Katikati ya mkondo aliyumba, na Bi Somoe akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona: Hamida akaliachia gauni. Likafumuka juu ya maji, jekundu, likamzunguka kama ua, na mkono ule uliokuwa umelishika ukanyooka pembeni, ukaipata mizani. Akatoka upande wa pili.

Ukungu ulikuwa unayeyuka. Kule ng'ambo Hamida alionekana mdogo, akitembea, akisimama. Akapiga magoti, akaruka juu, akajishika goti. Akasogea. Akapiga magoti tena, akanyanyuka tena.

"Amepotea," alisema Bi Zamda.

"Hajapotea."

"Maji yanarudi, wifi."

"Nayasikia kabla yako."

Na kweli yalikuwa yanarudi. Vidimbwi vilikuwa vimeanza kutingishika. Hamida alikwenda kulia, akarudi kushoto, akasimama amelowa, akiangalia nyayo zake. Kisha akashuka, magoti yote mawili kwa pamoja, taratibu, kama mtu anayekaa kwenye mkeka wa nyumbani.

Hakunyanyuka.

Bi Somoe alikuwa amesimama ukingoni, lakini aliusikia ule mchanga. Aliusikia kwenye magoti yake yote mawili, laini, wenye ubaridi chini na joto juu, na mwili wake ukakaa mahali pake pa siku zote, msichana nyuma ya mama yake, mama naye nyuma ya mama yake.

"Mama!" Sauti ilikuja juu ya maji. "Mama, yamekaa! Magoti yamekaa!"

Mchokoo ukainuka, ukashuka upande wa kulia, ukazama.

Bi Zamda aliutazama. Alivuta pumzi, akaitoa yote. "Haya," alisema. "Lina mwenyewe." Akaushusha mchokoo wake begani. Kisha akahamia upande wa kushoto wa wifi yake na kuinamisha bega.

"Lete mkono. Utasimama hapo mpaka papa wakukute?"

"Huu ni wa kushoto, Zamda."

"Ndiyo huohuo, wifi."

Bi Somoe akauweka mkono begani pake. Hawakuondoka bado. Walisimama wakimngoja Hamida, ambaye alikuwa anarudi kuvuka, mchokoo mkono wa kulia, kitu kizito kimemzunguka mkono wa kushoto mpaka kiwikoni, na gauni lake jekundu limeachiwa lielee litakavyo.